Betri Zimekaa Chumbani Kwako

Nyumbani kwenu,
Nyumba yenye saluni ya kinyozi mbele,
Jumapili mchana, mvua imekatika.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Kabla ya lolote, hujambo? Usinijibu hujambo ya mdomoni, nijibu ya mwilini. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unakubana ukiinama kutoa mashuka ya wagonjwa kwenye hizo mashine kubwa za kufulia. Nikakwambia ujikande kwa maji ya moto, ukanicheka, ukasema huko maji ya moto yanatoka ukutani. Haya, jikande na hayo hayo ya ukutani. Na kifua je? Baridi imepungua au bado mnavaa nguo juu ya nguo kama vitunguu?

Wifi yangu hajambo? Na binti yenu, ameshamaliza masomo au bado wanamwongezea? Hao watu wa huko wanasomesha mtoto mpaka anaota mvi.

Sisi huku wazima, Mungu anatutunza. Mimi magoti ndiyo yana mambo yake. Kukaa yanakubali, kuinuka yanataka kwanza tujadiliane. Lakini nakula, nalala, na ulimi wangu bado hauna ugonjwa, kama utakavyoona.

Anayeandika ni mkwe wangu, mke wa kinyozi. Unamjua kwa sauti, ni yule anayecheka kabla hajasema haloo. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe. Yeye alisoma, mimi sikusoma, basi ana kiherehere cha kuninyoosha. Nikimaliza atanisomea yote kwa sauti, na nikisikia neno ambalo si langu tunaanza upya. Hapa ameshaguna. Mkwe, andika na hilo la kuguna.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Simu sikatai, simu nzuri. Lakini kwenye simu wewe ni mjanja. Unanichekesha, unawauliza watoto habari za shule, mwanangu anainyakua aulize mambo ya mpira, mkwe anataka kumsalimia wifi, na ikinirudia mimi inasema chaji imekwisha. Nabaki na neno langu mdomoni kama mfupa. Karatasi haina chaji. Utaishika, utakaa kitako, utanisikiliza mpaka mwisho. Mkwe alitaka aipige picha aitume, nimekataa. Kuna mteja wa saluni anasafiri kwenda upande wa huko wiki hii, ataitia posta akifika.

Neno lenyewe linatokana na hii sola. Lakini huwezi kuielewa sola kabla hujaelewa habari ya mwalimu mkuu.

Unajua mwanangu alifungua saluni chumba cha mbele, pale mama alipokuwa anakaa kuchambua mchele. Amepiga rangi, ameweka vioo viwili, kiti kinachozunguka, na picha za vijana wenye vichwa vya ajabu ajabu ukutani. Wateja wapo. Shida ilikuwa umeme. Umeme wa huku siku hizi ni kama mgeni asiyejulikana, anakuja bila taarifa na anaondoka bila kuaga. Sasa siku hiyo mwalimu mkuu kaja kunyolewa, kesho yake ana mkutano wa wazazi. Mashine imepita upande wa kushoto, imefika katikati ya kichwa, umeme ukakatika. Wakangoja. Wakangoja mpaka chai ikachemshwa kwa kuni. Wapi. Mwalimu mkuu kachukua kofia ya mwanangu, kaondoka, na kesho yake kahutubia wazazi na kofia, nusu msitu, nusu uwanja wa ndege. Wanafunzi walijua habari nzima kabla hajafika getini. Sijui watoto wanapata wapi habari.

Mwanangu alikosa usingizi kwa aibu. Ndipo akasema liwe liwalo, tunaweka sola. Nikamwunga mkono. Nataka ujue hilo, Kijiti, kwamba niliunga mkono tangu mwanzo. Sikulazimishwa na mtu.

Fundi aliyekuja wanamwita Waya, kwa sababu huwezi kumwona bila bunda la waya begani. Mtu mzima, mpole, kichwa kimejaa upara kama sahani, mwanangu alipomwona akasema huyu hata akinikosea siwezi kumlipizia kichwani. Walicheka wote wawili, nikajua wataelewana.

Waya alipanda juu ya bati akakaa huko muda mrefu, anatazama tu. Tukadhani amepitiwa na usingizi. Kumbe anangoja kuona kivuli cha mnara wa tangi la jirani kinaanguka wapi. Alivyoshuka akasema upande mzuri ni ule wa nyuma, juu ya chumba cha mwisho, jua linaukalia tangu asubuhi mpaka jioni na hakuna kinachouziba. Halafu akaligonga bati kwa kidole, akasema bati hili ni la zamani, zito, linashika skrubu vizuri, siku hizi hawatoi bati la namna hii.

Mimi nikajibu kwa kujigamba. Nikasema hilo bati alilileta mdogo wangu, kwa jasho lake, mwaka aliopata kazi huko aliko. Ni wewe, Kijiti. Mbao zile na bati lile, ulitutoa kwenye kuvujiwa. Mama alikuwa akisikia mvua inapiga juu ya bati lako anasema hiyo ni sauti ya mwanangu. Basi mabamba yote ya sola yamekaa juu yako, na kwa hilo sina neno. Ningeambiwa nichague, ningechagua hapo hapo.

Neno lilikuja kwenye betri.

Mwanangu aliagiza betri kubwa, zile za kukaa chini, nzito, kubeba moja wanaume wawili wanatoka jasho. Pamoja nazo kuna kisanduku cha inveta, cha kuufanya umeme wa betri uwe kama wa nguzo. Mimi sikijui kinavyofanya kazi, najua kinavuma. Waya akatukusanya wote ukumbini, akatueleza kama mwalimu. Vitu hivi havitaki joto. Havitaki unyevu. Havitaki jiko wala moshi. Havitaki mtu kulala navyo chumba kimoja. Na visiwe mbali na mabamba, maana waya ukiwa mrefu umeme unachoka njiani. Stoo hapana, unaijua inavyovuja kona ile. Chumba changu nalala. Cha watoto wanalala. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza:

“Mama, hapa kuna chumba kisicholaliwa?”

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Hakuna aliyefikiri. Mwanangu alinyoosha kidole. Mkwe alinyoosha. Hata wajukuu, wale wadogo, walinyoosha. Lakini yeye alikuwa ameniuliza mimi, na aliyejibu ni mimi. Nikasema:

“Kile cha mwisho. Kile hakina mtu.”

Limetoka hivyo, jepesi, kama naelekeza choo kilipo. Miaka yote chumba kile katika nyumba hii kinaitwa cha Kijiti. Ufagio uko wapi, uko kwa Kijiti. Paka kajificha wapi, kwa Kijiti. Hatujawahi kusema hakina mtu. Na wa kwanza kusema nikawa mimi, niliyekubeba mgongoni mpaka watu wakadhani nina nundu.

Waya akaenda akafungua mlango. Chumba kilikuwa kisafi, kwa hilo sina aibu. Kila Jumamosi nafungua dirisha, natoa godoro nje, nalichapa, narudisha, natandika. Shuka linabadilishwa na halijalaliwa. Mkwe alipoolewa hapa alidhani ni kichaa changu, sasa hata yeye nikiumwa anakwenda kulichapa. Koti lako la shule lilikuwa kwenye msumari. Chini ya kitanda kulikuwa na lile sanduku lako la maredio, uliyoyafungua yote ukasema utayafunga. Ukutani bado ile misumari uliyopitisha waya wa redio mpaka juu ya paa, mama akakuchapa kwa kutoboa ukuta wake, na jioni yake akakaa na wewe kusikiliza taarifa ya habari kwa redio ile ile.

Waya akaisoma ile misumari. Akavuta sanduku, akashika kitu kimoja humo ndani, akakigeuza, akakirudisha taratibu kama yai. Kisha akaniuliza kwa heshima sana, sauti ya chini:

“Marehemu alikuwa fundi?”

Sikumlaumu, Kijiti. Angejuaje? Kaona chumba kimetandikwa na hakina harufu ya mtu, koti liko msumarini, na bibi mzee kasimama mlangoni. Wewe mwenyewe ungedhani nini? Nikamwambia hajafa, yuko mbali. Akaomba radhi mara nyingi. Mimi nikamwambia haidhuru, endelea na kazi. Hapo ndipo ningesema simama. Neno moja tu, simama, betri zikae ukumbini kwanza tutafute pa kuziweka. Sikulisema. Nilikuwa natafuta namna ya kumwonyesha kwamba hakunikosea, nikawa mwepesi kupita kiasi. Nikamsaidia hata kusogeza kiti.

Na unajua aliupendea nini chumba chako? Dirisha. Alisema lina upepo safi, betri zitadumu. Wakati mama anatugawia vyumba mimi nilikitaka hicho, nikanuna. Mama akasema hapana, hicho ni cha Kijiti, ana kifua, anahitaji upepo. Basi upepo aliokuchagulia mama sasa unapungwa na betri.

Kitanda kilifunguliwa siku ile ile. Vyuma vyake viko nyuma ya mlango wangu. Koti liko kwangu. Sanduku liko chini ya kitanda changu, na hakuna mtoto wa kuligusa. Godoro mwanangu alisema lipewe watoto maana lao limekuwa kama chapati, nikakubali, na hilo pia nalijutia, maana watoto ni watoto, lina ramani tayari.

Sasa kuna jambo mkwe hataki kuandika. Kaweka kalamu chini. Nimemwambia iokote. Bora ulisikie kutoka kwangu.

Wajukuu wana jina lako. Wanakuita Babu Mwakani. Hawakuwa na ubaya, watoto wanaita kitu wanavyokisikia. Kila ukipiga simu wanasikia babu anakuja mwakani, babu anakuja mwakani, wakaona ndilo jina. Siku ya kwanza yule mdogo alipokuja mbio na simu akasema Babu Mwakani anaita, tulicheka wote mpaka machozi. Nilicheka na mimi. Tena mimi ndiye niliyelisimulia jina hilo kwa majirani, kwa sababu napenda kuchekesha watu. Siku betri zilipoingia, mtoto yule yule kauliza sasa Babu Mwakani atalala wapi. Hakuna aliyecheka. Mama yake akamtuma dukani.

Sikulaumu kwa kutokuja. Kwanza yalikuwa makaratasi, kisha ndoa, kisha mtoto anasoma, sasa mgongo. Zote ni sababu, wala sisemi ulizitunga. Miaka ya mwanzo ukisema unakuja tulikuwa tunapiga chokaa chumba chako. Mwaka wa pili tukapiga tena. Baadaye tukawa tunafagia tu. Hata chokaa ina mwisho wa subira.

Nikueleze na uzuri wake, nisionekane mtu wa kulia tu. Umeme upo. Saluni inafanya kazi mchana kutwa, mwalimu mkuu karudi, kanyolewa kichwa kizima kwa mara moja, mwanangu hakumtoza, wakapeana mikono kama viongozi. Mkwe kanunua friji ndogo, tunakunywa maji baridi mpaka meno yanapiga kelele. Watoto wanasoma na taa. Mtaa mzima ukizima sisi tunawaka, na majirani wanakuja kuchaji simu zao, ukumbi umekuwa kama ofisi ya serikali, watu wanangoja kwenye benchi. Nikiwa na watu mimi nafurahi, unanijua. Siku ile ya kwanza Waya alipobonyeza swichi nilipiga vigelegele na magoti haya haya.

Lakini asubuhi yake nilikuwa napita ukumbini kwenda kutia maji ya chai, nikasikia kitu kinavuma ndani ya chumba chako. Kidogo kidogo, kama mtu anayekoroma kwa adabu. Na chini ya mlango kuna mwanga. Kijiti, niligonga hodi. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikasema hodi, umeamka? Kisha nikasimama pale na sufuria langu nikisikiliza inveta. Mkwe alinikuta, akanipokea sufuria, akaenda kutia maji mwenyewe. Mtu anayecheka kila saa akinyamaza ndipo unapojua ana moyo.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya niombe kalamu.

Mwanangu, kwa furaha yake, alikutumia picha. Alikuwa anataka uone kazi nzuri, betri zimepangwa, waya umezungushwa vizuri. Hakufikiri zaidi ya hapo. Mimi niliiona picha baada ya kutumwa. Betri ziko pale kilipokuwa kitanda chako, na nyuma yake, wazi kabisa, ile misumari yako ya redio. Nikamwuliza mjomba wako kasema nini. Akasema kajibu neno moja, hongereni. Nikauliza kingine? Akasema hakuna kingine, mjomba yuko kazini.

Tangu hapo Jumapili zako zimepita kimya. Wewe ambaye hujawahi kuruka Jumapili, hata ile ulipokuwa na homa ulipiga ukakohoa tu. Tukipiga sisi, simu yako inaita mpaka inachoka. Ukaja ujumbe mmoja kwamba una zamu nyingi. Mwanangu kaamini. Mkwe kaamini kwa mdomo. Mimi nimekulea, Kijiti. Wewe ukikasirika hupigi kelele, unapata kazi nyingi. Hata ulipokuwa mdogo, ukinyimwa kitu ulikuwa unakwenda kuchota maji bila kutumwa.

Nilikwenda kumtafuta Waya. Nilimwita apite, nikamkalisha, nikamuuliza kama betri zinaweza kutoka pale. Akasema zinaweza, kwa sasa. Sasa hivi zimekaa juu ya mbao tu, na waya ameuacha mrefu, amefanya kuuzungusha. Lakini bado ana kazi ya kumalizia. Anatengenezewa fremu ya chuma, ataifunga ukutani kwa bolti, atakata waya kwa kipimo, na atatoboa ukuta kuweka tundu la kutolea joto, na dirisha lako atalijenga nusu, mvua isiingie. Akishamaliza hayo, kuhamisha ni kuvunja na kuanza upya, na mwenyewe hashauri. Nikamwambia asije kufunga mpaka nimwite. Akaniuliza kuna tatizo? Nikasema kuna mwenye chumba sijamuuliza.

Mwanangu akasikia. Hakunifokea, ana adabu, lakini alifunga mlango wa saluni mteja akiwa ndani, akanifuata jikoni. Akaniambia stoo inaweza kufanywa, ndiyo, paa litengenezwe ile kona, sakafu iinuliwe, lakini ni kazi juu ya kazi, na kwa ajili ya nini. Nikasema kwa ajili ya mjomba wako. Akakaa kwenye kigoda, akanishika mkono, akasema:

“Mama, mjomba haji. Wewe mwenyewe unajua.”

Nikamwuliza nani kamwambia najua. Akasema kwani si wewe uliyesema hakina mtu?

Mimi, unanijua, hata polisi nawajibu. Lakini hapo nilichambua maharage yaliyokwisha chambuliwa. Mwishowe akasema basi, mama, tungoje mpaka mwisho wa mwezi ujao, kisha Waya aje amalize, maana mvua kubwa zinakuja na mambo hayawezi kukaa nusu nusu. Ni haki yake. Nyumbani ana familia, ana kazi, hawezi kuishi kwa kungojea mtu wangu. Usimchukie. Anakupenda, ndiye pekee hapa aliyejifunza kupiga mluzi kama wako.

Kwa hiyo nakuuliza, na nakuuliza peke yako. Nimemwambia mkwe hapa aandike kwa herufi kubwa kidogo, ili usije ukapitisha macho.

Unakuja au huji?

Si mwakani. Mwakani ni jina la mtu, wajukuu wameshalichukua. Nataka neno la kweli. Ukisema unakuja, hata kama ni kwa muda mfupi, hata kama ni kulala siku chache urudi zako kwenye baridi, nitasimama na mwanangu, stoo itaezekwa, betri zitahamia huko, na vyuma vya kitanda vitatoka nyuma ya mlango wangu. Godoro tutanunua lisilo na ramani. Ukisema huji, kwamba umeshakuwa mtu wa huko na mifupa yako itabaki huko, sema pia. Sitakulaani. Nitalia, nitanuna, nitawakera watu wa nyumba hii kwa muda, kisha nitamwita Waya aje na bolti zake. Na Jumapili upige simu kama kawaida, maana dada hafungwi kwa bolti.

Ninachokiogopa ni ukimya huu. Nakaa najiuliza labda umeiona ile picha ukasema haya, wamenitoa. Kijiti, hukutolewa. Ulitoka mdomoni, na mdomo ulikuwa wangu, na ulikuwa na haraka ya kuonekana na umeme. Nisamehe kwa hilo. Hakuna mtu mwingine wa kumlaumu, si fundi, si mwanangu, si aliyepiga picha.

Siku ile niliulizwa habari yako nikakujibia bila kukuuliza. Safari hii akiuliza mwanangu nanyamaza, akiuliza Waya nanyamaza. Jibu wewe.

Anakusalimu mwanangu kinyozi, anasema ukija kichwa chako ni bure maisha. Anakusalimu mkwe, aliyechoka vidole. Wajukuu wote wanakusalimu, na yule mdogo anataka kujua kama kuna jua huko kwenu. Shangazi wa duka la sabuni anakusalimu, meno yamekwisha lakini umbea uko palepale. Msalimie sana wifi yangu, mwambie nampenda ingawa sijamwona kwa macho, na binti yako mwambie ana shangazi.

Mungu akupe afya ya mgongo, akuelekeze miguu, na akulinde kila unapotoka na kila unapoingia. Jumapili nakaa karibu na simu, nimewaambia wote wasiiguse.

Ni mimi dada yako nikupendaye tangu hujaota meno,
hapa chini ni dole gumba langu, mkwe ameshuhudia.